Karakana ya viyoyozi, Industrial Area: fundi anayesikiliza kabla ya kufungua

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na majirani. Karakana hii hutoza shilingi 2,500 kuja nyumbani kusikiliza kiyoyozi kinachopiga kelele, na hela hiyo hairudi. Hata ukiamua wao ndio wafanye kazi, ile 2,500 iko palepale. Vipuri na ufundi vinahesabiwa kando. Watu wengi hapa Nairobi hilo hawalipendi. Tumezoea fundi wa "kuja kuangalia" bure. Lakini fundi aliyekuja bure lazima arudi na kitu mkononi, na njia ya pekee ya kukipata ni kukuuzia kipuri. Huyu ameshalipwa kabla hajashika bisibisi. Akikuta mashine haina ubaya, anaweza kukwambia haina ubaya, na kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya ghala, ukiacha Barabara ya Enterprise. Bango la maana hakuna. Ndani utakuta zile mashine za viyoyozi zinazofungwa nje ya nyumba zimefunguliwa, mitungi ya gesi ya viyoyozi, mizani ya kupimia gesi hiyo, na benchi lenye mabomba ya shaba yaliyokatwa na kupangwa kwa unene. Yuko fundi mkuu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, na kijana wake. Vyeti vyao vya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, vimebandikwa juu ya benchi, na mimi nilivisoma kabla sijasema shida yangu.

Shida yangu ilihusu chumba cha mama. Tunakaa South C, ghorofa ya tatu. Mama ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, na amehamia kwangu kwa ajili ya miguu, awe karibu na hospitali. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Magoti yake hayaiwezi. Msimu wa kwanza aliomba jiko la makaa chumbani, na hapo ndipo nilipokataa katakata. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mtu hufunga madirisha, akalala, asiamke. Habari hizo tunazisikia mjini hapa kila baridi inapoingia. Ndiyo maana nikaweka kiyoyozi kinachopoza na kupasha joto. Hiki hakichomi kitu. Huvuta joto lililoko nje, hata kukiwa na baridi, na kulisukuma ndani, na kwa baridi ya huku kwetu uniti moja ya umeme yaweza kuleta joto la kama uniti tatu.

Sasa ieleweke kwa nini kelele ilikuwa jambo kubwa kwangu. Mama akiiogopa mashine, huizima. Akiizima, usiku anaamka miguu imekaza, na asubuhi habari ya jiko inarudi mezani. Ndege za uwanja wa Wilson zinapita juu ya paa letu kutwa na mama hata hainui kichwa, amezizoea. Ila sauti iliyoanza wakati wa masika ilimtoa kitandani.

Mvua za Aprili zilikuwa zimetufungia madirisha. Nguo zilikuwa hazikauki, kuta zina unyevu, na mashine tulikuwa tumeiweka kwenye kukausha hewa. Basi jioni, kwenye Maghrib, ndani ya mashine ya ukutani kukaanza: pokopoko, pokopoko, inanyamaza kidogo, inaanza tena. Mama akaniita. "Mwanangu, ukutani mna mtu avuta buruma." Nilisogeza sikio, na kweli, ilikuwa buruma hasa, kile kiko cha maji kinachotoa mapovu kikivutwa.

Fundi wa kwanza aliyekuja alikuwa wa wale walioniuzia mashine. Aliweka kiganja kwenye upepo unaotoka, akatikisa kichwa, akasema gesi imepungua na maji yamepata nafasi ya kuingia kwenye mabomba. Bei ya kujaza, shilingi 12,000. Nilimuuliza gesi imeenda wapi. Akasema gesi huisha tu yenyewe baada ya muda. Hapo nilimshukuru, nikamsindikiza mlangoni, kwa sababu hilo si kweli. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inatoka ndani inakwenda nje inarudi ndani, miaka yote ileile. Ikipungua, mahali fulani pamevuja, na kazi ya kwanza ni kupatafuta na kupaziba. Mtu anayekujazia bila kutafuta tundu anakuuzia gesi ya kupeperuka. Zaidi ya hapo, gesi ya mashine yangu ni R410A, mchanganyiko wa gesi mbili nusu kwa nusu. Huongezwa kwa mizani, kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje. Yule hakuwa na mizani wala hakuuliza kibandiko kiko wapi. Na chumba kilikuwa kikipoa vizuri.

Nilipofika Industrial Area, yule fundi mkuu hakuniuliza mashine ni ya kampuni gani. Swali lake la kwanza lilikuwa: sauti hutokea saa ngapi? La pili: mashine inakuwa kwenye baridi, joto au kukausha? La tatu lilinishangaza: na wakati huo nyumbani kunakuwa kumewashwa nini kingine? Nikamwambia jioni, wakati wa kupika. Akasema, "Basi nitakuja jioni. Wewe pika kama kawaida, usinisubiri na jikoni kumezimwa."

Alikuja amechelewa (hilo nitalirudia), nikiwa kwenye bajia, mafuta yamepamba moto na feni ya kuvuta moshi juu ya jiko inanguruma. Kijana wake alitaka kuingia chumbani na viatu; fundi alimgusa bega tu, maana aliona mswala wa mama umetandikwa. Wakavua wote wawili. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu, karibu. Hiyo yavuta, yasikize." Akaomba kigoda, akakaa chini ya mashine, mikono magotini, akasikiliza bila kugusa chochote. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kijiko cha matundu mkononi, nikisubiri afungue kifuniko. Hakufungua.

Akaniomba nizime feni ya jikoni. Nikazima. Ukuta ukanyamaza kimya. "Washa." Pokopoko. "Zima." Kimya. Kisha akaenda kwenye swichi kubwa ya kiyoyozi na kukizima kabisa, taa yake ikafa, akasema niwashe tena feni ya jikoni.

Pokopoko, pokopoko, na mashine imezimwa.

"Mama," akasema, "mashine imelala. Hii sauti si yake." Akafungua dirisha la chumba kiasi cha kuingia vidole viwili, na sauti ikakatika hapohapo. Akalifunga, ikarudi. Mama akainuka mwenyewe, akashika kishikio cha dirisha, akafungua, akafunga, akafungua. Alicheka kwa sauti. Hofu yake iliishia pale dirishani, na mimi kwa hilo peke yake ningelipa tena.

Maelezo ni haya, na nayaandika kwa kirefu kwa sababu najua nyumba nyingi mpya za Nairobi zina kelele hii na wenyewe wanauziwa gesi. Kiyoyozi kikipoza au kukausha hewa, unyevu hugeuka maji kwenye mapezi ya ndani, maji hudondoka kwenye kisahani, na kutoka hapo hushuka kwa bomba jembamba la plastiki hadi nje. Flati za siku hizi zina madirisha ya alumini yenye raba pembeni. Yakifungwa, hewa haipiti. Feni ya jikoni nayo inatupa hewa nje kwa nguvu. Hewa inayotoka lazima ifidiwe na nyingine, na kwa vile milango na madirisha yamebana, inapita panapowezekana: inapanda kwa lile bomba la maji ya kiyoyozi, kutoka nje kuja ndani. Bomba langu lilikuwa limelegea katikati, limefanya tumbo, na tumboni maji yamesimama. Hewa ilikuwa ikiyapenya maji yale na kutoa mapovu. Ndiyo hiyo buruma.

Kazi ikawa ndogo mno. Walilinyoosha bomba lote literemke bila tumbo, wakalikaza kwa vibano, na mwisho wake wa nje wakatia valvu ya njia moja, kidude kinachoruhusu maji kushuka na kuzuia hewa kupanda. Shilingi 1,800 pamoja na ufundi. Kabla ya kuondoka alipima hewa inayoingia kwenye mashine na ile inayotoka kwa kipimajoto kidogo. Tofauti ilizidi nyuzi 10, akasema gesi iko sawa na hana sababu ya kufunga vipimo vyake kwenye mabomba, kwani kila ukifunga na kufungua hupotea kidogo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikumlipia: nikipika nifungue dirisha la jikoni hata valvu ikiwepo, kwa sababu feni isiyopata hewa haivuti moshi vizuri, na jiko langu ni la gesi, moto wake nao unataka hewa. Mimi niliyekataa makaa kwa ajili ya hewa nililipokea neno hilo kwa uzito wake.

Niliwaita tena Julai, kwa sauti ya namna nyingine kabisa. Hii haikuwa ya kusikika sana. Ilikuwa ya kuhisiwa. Mama alisema kichwa chake kinatetemeka akiweka mto karibu na ukuta, alfajiri, mashine ikianza kazi. Nilimtumia fundi sauti kwa WhatsApp, naye akakataa kusema lolote. Alieleza kwamba mlio mwembamba wa beringi hupita vizuri kwenye simu, mtu anaweza hata kuutambua, lakini mvumo mzito simu huumeza. Lazima aje. Nikalipa tena ile 2,500.

Mashine ya nje imefungwa kwenye vyuma upande wa pili wa ukuta uleule ulio na kitanda. Kijana alijifunga mkanda, akatoka kwenye kibaraza, na fundi akamfuata na bisibisi ndefu kuliko ya kawaida. Aliiweka ncha kwenye gamba la kompresa, pampu inayosukuma gesi, na mpini akaubana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Akasogeza ncha kwenye mota ya feni. Akasogeza kwenye chuma cha kushikilia. Kila mahali alitulia kidogo, macho kayafumba, halafu akamwita kijana naye asikilize na aseme anachosikia. Kijana alisema kompresa ni safi, feni ni safi, chuma ndicho kinaimba. Fundi hakuongeza neno.

Waliofunga mashine hawakuweka raba. Miguu ya chuma ilikuwa imekazwa moja kwa moja juu ya chuma, na chuma kimekazwa kwenye zege. Mashine za inveta hazizunguki kwa kasi moja: alfajiri, chumba kikiwa baridi, kompresa hupanda kasi sana, kisha hushuka kadiri joto linavyopatikana. Katika kupanda na kushuka huko kuna kasi moja inayopatana na mtetemo wa vyuma na ukuta wenyewe, na ikifika hapo ukuta mzima huvuma. Ndiyo maana sauti ilikuja alfajiri na kutoweka mama akishaamka, na ndiyo maana fundi wa mchana asingeisikia kamwe. Walitia raba nene nne, wakakaza nati kwa kiasi, wakavisha sponji bomba la shaba pale lilipogusa ukuta likipita tunduni. Shilingi 3,200. Mama sasa analaza kichwa upande uleule.

Jambo lingine ninalowasifu: walituambia ni sauti zipi tusizipigie simu. Ile tak, tak, tak inayosikika mashine inapoanza au kuzimwa ni plastiki ya kifuniko inavyotanuka na kunywea kwa joto. Ile "fyuuu" ya ghafla ukibadilisha kutoka baridi kwenda joto ni valvu inayogeuza mwelekeo wa gesi, na maji kama yanatiririka kwa sekunde kadhaa baada ya kuzima ni gesi inatulia. Fundi aliziwasha moja moja kwa rimoti mbele ya mama, akisema itakayokuja kabla haijaja. Mtu mzima wa miaka sabini na ushei kukaa akifundishwa mashine yake kwa heshima namna ile, na fundi ambaye angeweza kunyamaza akaitwa tena kwa 2,500 nyingine, hilo nimeliona kwa mafundi wachache sana.

Na alitaja zile za kuzima mara moja: chuma kusaga chuma, mlio unaoambatana na harufu ya kuungua, na kishindo cha kitu kinachogonga ndani ya feni, ambacho mara nyingine ni mjusi aliyeingia kutafuta joto na mara nyingine ni uzani wa feni kuharibika kwa vumbi. Kwa mashine za zamani zisizo na inveta, feni au kompresa ikivuma bila kuanza kuzunguka, mara nyingi ni kapasita. Hiyo usiiguse hata ukiwa umezima umeme, kwani huhifadhi umeme ndani yake na yaweza kumpiga mtu.

Yasiyonipendeza yapo. Kubwa ni muda. Safari zote mbili walichelewa zaidi ya saa nzima, na sababu ni ileile, Barabara ya Mombasa imejaa. Sote tunaijua barabara hiyo, lakini ndiyo sababu ya kutoka mapema. Mara ya pili nilikuwa nimeomba ruhusa kazini na nikarudi nimechelewa. Simu yao pia hushikwa na kijana, na kijana akiwa juu ya ngazi hakuna anayeshika. Risiti ya kodi nililazimika kuidai. Waliitoa, ila jioni yake, baada ya mimi kupiga simu. Kwa nyumba ya kawaida si neno, lakini kama unalipiwa na ofisi, idai kabla hujatuma hela.

Kingine, hawapandi zaidi ya ghorofa ya nne bila kibaraza cha kusimama. Jirani yetu wa ghorofa ya saba waliikataa kazi yake, wakamwambia atafute watu wa kamba. Alikasirika. Mimi naona walifanya sawa, kijana ana mkanda mmoja tu na sitaki kusikia ameanguka kwa ajili ya raba nne.

Dhamana wanatoa miezi mitatu kwa kazi ya mikono yao. Kipuri ulichonunua mwenyewe mjini hawakidhamini, na watakuambia hivyo kabla ya kukifunga. Usafishaji wa kawaida, filta na mapezi na kisahani cha maji, ni shilingi 3,000 kwa mashine moja, bei ambayo si ya chini kabisa Nairobi. Nimetajiwa 2,000 kwingine. Lakini hawa hufunga plastiki chini ya mashine na kuzunguka kitanda kabla ya kupuliza maji, na godoro la mama halikuingia hata tone.

Kama baridi ya mwaka huu inakuhusu, wawahi kabla ya Juni haijaingia, kwani ikishaingia foleni yao ni ndefu. Na usiende na maneno "inapiga kelele" peke yake. Siku mbili tatu kabla ya kwenda, andika sauti ilianza saa ngapi na ikakoma saa ngapi, mashine ilikuwa kwenye joto au baridi, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, na jikoni au bafuni kulikuwa kumewashwa nini. Atakuuliza yote hayo kabla hajakupa siku ya kuja.